Jumapili za Magazeti Mawili

Enzi zile tulipokuwa wadogo, wenzangu mliokulia London kwenye fleti za kaunsili, yaani za serikali ya mtaa, mtu akitaka kumtukana kiongozi wa chama cha jirani yake ilimbidi apande ngazi, agonge mlango, avue viatu, akaribishwe chai, ndipo atukane. Na kwa kuwa chai yenyewe ilikuwa ya jirani, na visheti vya mke wa jirani, matusi yalitoka na adabu kidogo. Siku hizi mtu anaamka, hajapiga mswaki, ananyoosha simu mbele ya uso wake, anatukana nusu ya nchi, kisha anarudi kulala. Na watu wanamwita mchambuzi.

Mimi ni Zuwena binti Haji. Nililetwa mji huu nikiwa na miaka mitano, nimevaa koti la mvulana ambalo mikono yake ilinifika magotini, na sasa nina wajukuu wanaonisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Tulikaa fleti ya chini kabisa, jengo la matofali mekundu nyuma ya Edgware Road, kabla mtaa ule haujajaa mikahawa ya Waarabu na wageni wa Ghuba. Wakati wetu ulinukia mafuta ya taa ya hita, kabichi za kuchemsha na makoti ya sufu yaliyorowa. Mama alikuna nazi kwa mbuzi iliyosafiri kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, na nazi zenyewe alizinunua kwa Mjamaika mmoja sokoni aliyekuwa akizitikisa sikioni kabla ya kuziuza, kama daktari anayesikiliza kifua. Skuli tulipewa maziwa kwenye vichupa vidogo, na wakati wa baridi yaliganda mpaka yakasukuma kifuniko. Mwalimu alishindwa kulitamka jina langu akaniita Zoe, nami nikaitika. Watoto wa siku hizi ukikosea jina lao herufi moja wanaitisha mkutano.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa mdako. Tulikaa kwenye ngazi za zege, mimi na Mwanaidi, tunarusha kijiwe na kudaka, mpaka wasichana wa Kizungu wa jengo lile wakajifunza na kutushinda. Mwanaidi alikuwa bint wa Ami Rajabu, aliyekaa fleti ya juu yetu. Ami Rajabu hakuwa ndugu wa damu. Tulimwita ami kwa sababu baba alituambia tumwite hivyo, na hilo ni jambo la kushangaza ukijua habari yao.

Kwao Unguja, kabla ya mapinduzi, baba yangu na Ami Rajabu walikuwa vyama tofauti. Si tofauti ya kutaniana. Watu wa vyama vile walikuwa hawazikani, hawaoani, na kila upande ulikuwa na magazeti yake na wasemaji wake wa jukwaani waliojua kuwasha moto kwa maneno. Mapinduzi yakaja, damu ikamwagika, na chama kimoja tu ndicho kilichobaki. Ami Rajabu aliondoka mapema kwa sababu alikuwa wa upande ulioshindwa. Baba alikuwa wa upande ulioshinda, naye akaondoka miaka michache baadaye kwa sababu aliuliza swali mkutanini. Walikutana London, mmoja anashuka ngazi na debe la taka, mwingine anapanda na mfuko wa viazi. Mama anasema walisimama wakatazamana muda mrefu, kisha Ami Rajabu akasema, "Haji, na wewe?" Baba akasema, "Na mimi." Wakaanza kucheka, na debe la taka likamwagika lote.

Baba aliendesha basi. Ami Rajabu alishona suruali na makoti katika kichumba cha nyuma cha fleti yake. Na kwa kuwa sheria ya hapa iliwaruhusu watu wa makoloni ya zamani kupiga kura, kila mmoja alijichagulia chama tena. Baba akawa mwekundu, rangi ya chama kinachotetea wafanyakazi, kwa sababu ya umoja wa wafanyakazi wa mabasi. Ami Rajabu akawa buluu, rangi ya chama cha wenye biashara zao, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtu mwenye cherehani yake hataki kuambiwa na mtu ashone saa ngapi. Wakaanza ubishi mpya mahali palepale walipouachia wa zamani. Ila safari hii waliuchunga. Baba alikuwa akituambia, "Sisi tumetoka kwenye chama kimoja. Hapa mna viwili. Chama changu bila cha Rajabu kitavimba kichwa na kuanza kuwafunga watu wanaouliza maswali."

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumapili za magazeti. Kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, wazee saba wanane wa Unguja na wa pwani ya Kenya walijibana katika sebule yetu. Yalinunuliwa magazeti mawili, la upande wa wekundu na la upande wa mabuluu. Kiingereza cha wazee wetu kilikuwa cha kazini. Baba alijua kuwaambia abiria washikilie vyuma, Ami Rajabu alijua inchi za kiuno na za mguu. Kiswahili na Kiarabu walisoma vizuri, lakini Kiingereza cha gazeti kiliwashinda. Kwa hiyo wasomaji tulikuwa mimi na Mwanaidi, wa miaka kumi. Tulisoma sentensi kwa Kiingereza, kisha tukaigeuza kwa Kiswahili.

Na baba na Ami Rajabu waliweka sharti moja. Mimi, mtoto wa mwekundu, nisome gazeti la mabuluu. Mwanaidi, mtoto wa buluu, asome la wekundu. Kila mtu asomewe maneno ya chama chake na mtoto wa nyumba nyingine. Na mmoja akisoma, mwenzake anamfuatilia kwa kidole juu ya karatasi. Nilipokosea, kidole cha Mwanaidi kilisimama. Hakusema kitu. Kidole kilisimama tu, nami nikarudia.

Wazee walibishana mpaka vikombe vikacheza. Mama alileta mkate wa kumimina, watu wakanyamaza kutafuna, wakaanza tena. Nimewahi kumsikia Ami Rajabu akisema, "Haji, katika hili la nyumba za kupanga chama chako kina haki," na baba akainamia kikombe kwa aibu kama aliyeshindwa, kwa sababu sasa na yeye ilimbidi atafute jambo la kumpa mwenzake. Niambieni, ninyi mnaoshinda mnatazama video za simu, ni lini mara ya mwisho mmemsikia mmoja wa hao majogoo akisema kwamba upande wa pili una haki?

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, kwa maana nisingekuwa na uso wa kuwadharau hawa wa leo kama nisingekiri kwamba nilikuwa mmoja wao kabla hawajazaliwa.

Ulikuwa mwaka ule umeme ulipokuwa ukikatwa kwa zamu, wachimba makaa wamegoma, nchi imeingia kwenye uchaguzi. Sebule yetu ilijaa kuliko kawaida. Wiki moja nilikosea neno, nikamfanya mkubwa mmoja wa mabuluu aonekane mjinga zaidi kuliko alivyokuwa. Kidole cha Mwanaidi kilisimama, lakini wazee wa upande wa baba walikuwa wameshacheka, mmoja amenipigia makofi. "Mtoto anajua kusoma huyu!" Yale makofi yaliniingia mwilini kama chai ya tangawizi. Tangu siku ile nikawa nazitia chumvi habari kidogo kidogo, pale ambapo kidole hakiwezi kunishika. Sauti naibana puani nikisoma maneno ya buluu mwenye fedha. Nanyamaza kidogo kabla ya neno baya. Baba alitabasamu, naye akajizuia, lakini nilimwona.

Jumapili iliyofuata Mwanaidi alipata tetekuwanga. Nikasoma peke yangu.

Kulikuwa na habari fupi ya mgombea wa mabuluu wa eneo letu. Alikuwa amesema kwamba watu wanaohamia hapa wasaidiwe kujifunza Kiingereza, wasiwe wanategemea wengine wawasemee. Ni hilo tu. Nilitazama sebule, nikaona nyuso zimechoka, watu wameanza kuulizana habari za mafuta ya hita. Nilitaka wanitazame. Nikabana sauti puani nikasema, "Anasema wageni warudishwe makwao kwa makundi. Waanze na wale wanaovaa kofia."

Sebule iliripuka. Mmoja alijipiga paja, mwingine akamnyooshea kidole Ami Rajabu, "Chama chako hicho, Rajabu! Vua kofia yako, wanakuja!" Walicheka, wakaguna, wakanipigia makofi. Ami Rajabu alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Alivua kofia, akaitazama ile tarizi aliyoishona mkewe kwa mkono, akaivaa tena. Akaniuliza kwa upole, "Amesema hivyo, mwanangu? Yamo kwenye gazeti?"

"Ndiyo, ami," nikajibu.

Jumamosi yake mgombea yule alikuwa na mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa skuli, mchana. Ami Rajabu akavaa suti aliyojishonea mwenyewe, ya kijivu, mstari wa suruali ungeweza kukukata. Akavaa kofia. Baba, aliyekuwa mwekundu hata damu yake, alivaa koti lake akasema, "Huendi peke yako." Nikaburutwa na mimi, nifanye ukalimani ikihitajika. Njia nzima nilikuwa naomba mvua inyeshe, ukumbi uungue, mgombea augue.

Ukumbi ulinukia nta ya sakafu. Mgombea alikuwa mtu mrefu mwenye mashavu mekundu, anayesema polepole. Ulipofika wakati wa maswali, Ami Rajabu akasimama kabla ya watu wote. Hakunitaka nimsemee. Aliuliza kwa Kiingereza chake mwenyewe, ambacho nadhani alikuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima juu ya cherehani. Alisema yeye ni fundi, amewashonea suruali watu wa chama hiki, amekipigia kura chama hiki, analipa kodi yake. Akaishika kofia yake. Akauliza, bwana mkubwa, kwa nini unaanza na hii?

Watu wakatazamana. Mgombea hakuelewa. Ami Rajabu akarudia, akataja gazeti na siku. Mtu mmoja wa mbele akalitoa gazeti mfukoni mwake, akampelekea mgombea, naye akasoma ile habari kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Wasaidiwe kujifunza Kiingereza. Wasiwe wanategemea wengine wawasemee. Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniua. Walimcheka kwa huruma, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu kinyume. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa nyuma yake akamvuta mkono wa koti taratibu ili akae. Yeye hakukaa. Alisimama pale, mikono imening'inia kando ya ile suti nzuri, akitafuta neno la Kiingereza la kuomba radhi na asilipate.

Baba ndiye aliyesimama akamshika bega, wakatoka nje pamoja. Kabla ya kutoka baba alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote tena, na nimezaa, nimeachwa, nimezika.

Tulipofika chini ya ngazi baba akauliza, "Zuwena, gazeti liko wapi?" Nikalileta. Akasema, "Msomee ami yako." Nikasoma hapohapo kwenye ngazi, Kiingereza kisha Kiswahili, machozi yanadondoka juu ya karatasi na wino unaniganda vidoleni. Nilipomaliza baba akasema, "Mwenzio hasomi Kizungu. Alikupa macho yake umtazamie. Wewe ukamtia mchanga." Kisha, mbele yangu, akamgeukia Ami Rajabu. "Na mimi nilicheka, Rajabu. Nilijua hayo maneno hayawezi kuwa ya gazeti, nikacheka kwa sababu yalinipendeza. Nisamehe."

Ami Rajabu akakaa kwenye ngazi, akavuta pumzi. "Huyu mtoto hakunifanyia uadui, Haji. Alitaka kupigiwa makofi. Walionifanyia uadui ni wale waliopiga." Kisha akanipa leso yake nifute pua.

Jumapili iliyofuata nilisoma tena mbele ya sebule nzima, nikasema kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya. Hakuna aliyepiga makofi. Wale waliokuwa wakicheka walitazama zulia. Miezi sita sikuruhusiwa kushika gazeti, Mwanaidi akasoma yote mawili, na mimi nikawa nafuatilia kwa kidole. Baadaye nikarudishwa. Ami Rajabu hakubadilika kwangu, aliendelea kuniletea peremende na kunishonea sketi za skuli. Lakini kila nilipomaliza sentensi, jicho lake lilikwenda kwanza kwa Mwanaidi, kuthibitisha. Nikakua, nikaenda chuo, nikawa mkalimani wa hospitali kwa miaka mingi, watu wakaniamini na habari za uhai wao. Jicho la Ami Rajabu liliendelea kwenda kwa Mwanaidi mpaka alipofariki. Sikuwahi kumlaumu.

Ndiyo maana ninapowatazama hawa wa leo sihitaji kuelezwa wanafanya nini. Naijua ladha yake.

Yuko mmoja anajiita Profesa Fadhili. Hajafundisha hata chekechea. Ana simu, taa ya duara na bendera nyekundu ukutani, na kila jioni anawatangazia Waswahili wa London kwamba mabuluu ni mashetani. Upande wa pili yuko Dada Merina, ana taa kama ile ile na bendera ya buluu, kazi yake kusema kwamba wekundu ni wezi na wachawi. Ukimwondoa mmoja, mwingine hana cha kuzungumza siku mbili. Vyama vyenyewe vya watu, vyenye mawazo, vyenye wanaofanya kazi ya kugonga milango mvuani, wanavigeuza timu mbili za mpira, na sisi wazima wenye mvi tunapiga vuvuzela.

Uchaguzi wa kaunsili uliopita, Rukia, bint wa Mwanaidi, aligombea Lewisham, tunakokaa sasa, kwa chama cha mabuluu, cha babu yake. Miye ni mwekundu, sikumpigia kura wala sikumficha. Katika kikaratasi chake cha kampeni Rukia aliandika kwamba ukumbi ambao watu wetu wanafanyia harusi na hitima unavuja, paa litengenezwe, na utafungwa miezi miwili kwa matengenezo. Profesa Fadhili akatangaza kwamba bint wa Kizanzibari amekula njama na chama chake kuufunga ukumbi wa maiti zetu moja kwa moja. "Wanataka tukawasomee wafu wetu barabarani!" alipiga kelele, na mioyo myekundu ikapanda juu ya kioo kama mapovu. Kabla ya wiki kwisha, wanawake waliopika pilau na Mwanaidi kwa miaka thelathini walimtoa kwenye grupu la simu. Hakuna aliyemuuliza. Mmoja aliandika "msaliti" na picha ya nyoka. Huyo ni mwanamke ambaye Mwanaidi alimwosha mama yake alipokufa.

Mwanaidi alinipigia. Hakulia. Alisema tu, "Zuwena, ndicho chama chako hicho."

Nikajua pa kwenda. Kwa kuwa nilikuwa mwekundu na mzee, Profesa alikuwa amenialika zaidi ya mara moja kwenye kipindi chake, nieleze "historia". Nikamwambia nakuja. Studio yake ilikuwa Peckham, juu ya saluni ya nywele, ngazi zinanuka dawa ya kunyoosha nywele. Nilifika mapema, mlango uko wazi. Ndani nilimkuta Profesa Fadhili na Dada Merina wamekaa kwenye kochi moja, wanakula kuku na chipsi kwenye boksi moja, wanacheka. Bendera mbili zimekunjwa kwenye kona. Chumba ni kimoja, wanakitumia kwa zamu.

"Shikamoo, bi mkubwa," wakasema pamoja.

"Marahaba. Kumbe mnajuana?"

Merina akapangusa vidole. "Mama, hii ni kazi tu. Mbona wacheza mieleka wanakula pamoja?"

"Na wale mliowagombanisha, wanakula pamoja?"

Merina akachukua mkoba wake akatoka. Fadhili akaanza kutundika bendera. Nikamwonyesha kikaratasi cha Rukia, nikamwambia kuna makosa, ayasahihishe leo, tutakapokuwa hewani. Akakisoma, akakirudisha. Wala hakubisha kwamba alisema uongo.

"Bi mkubwa, mimi nakuheshimu. Lakini watu hawafungui simu kuja kusikiliza masahihisho."

"Wanakuja kusikiliza nini?"

"Wanakuja kuona tunavyowapiga wenzetu."

Akawasha taa. Tukaanza laivu. Alinisifu, akaniita mama wa harakati, akaniuliza kuhusu mapinduzi na mateso yetu. Nikasema, "Kwanza nisome kitu." Nikatoa kikaratasi, nikasoma sentensi ya Kiingereza, nikaigeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kubana sauti. Ukumbi unavuja. Paa litengenezwe. Utafungwa miezi miwili. Nikasema, "Mimi simpigii kura huyu bint, sera zake zingine sizitaki, lakini aliyosema ni haya, na mliyoambiwa ni uongo, na aliyewaambia amekaa hapa kulia kwangu." Nilikuwa bado nasema nilipoona midomo yake inacheka na kidole chake kinabonyeza. Alikuwa ameshakata sauti. Watazamaji waliona bibi mmoja anachezesha mdomo. Maandishi yalipita chini ya kioo: bibi amechoka, bibi amenunuliwa, bibi ni buluu wa siri. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Mtandao unasumbua, bi mkubwa. Utakuja siku nyingine."

Rukia alishindwa. Pengine angeshindwa tu, mtaa ule ni mwekundu tangu zamani, na mimi sitaki kuwa mtu wa kutunga. Nilikwenda kwa Mwanaidi siku ya pili yake. Alikuwa ameketi jikoni na bintiye, anamenya viazi, hodi yangu akaiitikia bila kugeuka.

"Nilikuona," akasema. "Sauti haikutoka."

"Haikutoka."

"Nilisoma mdomo. Umesoma sawasawa." Akageuka kwa Rukia. "Shangazi yako amesoma sawasawa, ametafsiri hata mkato." Kisha akaniuliza, "Na kura, ulimpa?"

"Mimi? La hasha."

"Ningekushangaa," akasema, akanisukumia kisu na sufuria la viazi.

Ukumbi ulifungwa miezi miwili. Kaunsili ya wekundu waliochaguliwa ndiyo iliyoufunga, paa likatengenezwa, ukafunguliwa. Ikafanyika hitima ya kwanza chini ya paa jipya, na Profesa Fadhili alialikwa. Alikaa mstari wa mbele, akala sahani mbili, akapiga picha akilionyesha paa kwa kidole, akatangaza kwamba ni ushindi wa umma. Wale wanawake wa grupu walipiga vigelegele. Hakuna aliyesema kwamba jambo hili tulilisikia mahali fulani. Na hakuna aliyemrudisha Mwanaidi.

Nilitazama nyuso za mle ukumbini nikitafuta hata mmoja unaotazama zulia. Mzee wangu, aliyeendesha basi na hakuweza kusoma ukurasa wa gazeti la Kiingereza, alimwomba radhi mpinzani wake kwenye ngazi kwa kosa la kucheka tu. Hawa wana digrii, wana simu mbili mbili, wanasoma lugha tatu, na wote walikuwa wamenyoosha simu juu, wanarekodi.